Chungu Nilichokifukiza Udi

Kariakoo ya miaka ile ilikufikia puani kabla hujaiona kwa macho. Ukitokea upande wa Gerezani, kwanza ulipigwa na harufu ya ng'onda na papa mkavu, kisha vitunguu, kisha ukifika kona ya wauza kahawa, tangawizi na kahawa chungu vikakuvaa kwa pamoja, mate yakakujaa mdomoni ukasahau hata ulichotumwa. Mimi sikutumwa na mtu. Nilikuwa mfanyabiashara, na neno hilo nalipenda mpaka leo. Nilikuwa na meza yangu ya mbao, jiko langu la mkaa, chuma changu cha vitumbua chenye mashimo saba, na mahali pangu kwenye baraza la duka la Mhindi, hatua chache tu kutoka lango la soko.

Watu wa siku zile majina yao yote ninayo kichwani, na ya watoto wao, na ya waume zao wa kwanza na wa pili. Lakini hapa siyaandiki. Wajukuu zao tunakutana harusini na misibani, na mimi sitaki maneno.

Vitumbua vyangu viliuzwa alfajiri mpaka saa mbili, vikichelewa sana saa tatu. Vikiisha, namwaga majivu, naegesha meza ukutani, najifunga kanga vizuri, naingia sokoni kula. Mume wangu alikuwa akisema, "Huyu mke wangu anauza vitumbua ili apate kula vya wenzake." Hakukosea. Ungefanyaje? Kulikuwa na mama mmoja na mihogo yake ya kuchoma, anaipasua katikati, anaipaka pilipili na ndimu, unaila ikiwa inakuunguza vidole. Kulikuwa na pweza wa kukaanga, kulikuwa na bajia za dengu zenye chatini ya nazi, ukila moja umekula sita. Waluguru walishuka na treni wakiwa na kabichi na karoti ambazo sisi watu wa pwani tulizitazama kama mapambo. Zambarau zikifika msimu, soko zima lina ndimi za rangi ya wino, wazee kwa watoto. Na kila mahali unaambiwa onja, mwanangu, onja kwanza, hata kununua usinunue. Nilionja. Nilionja mpaka wengine wakawa wananiona kwa mbali wanaficha sinia.

"Huyo anakuja! Mtoto wa Kilwa anakuja, funikeni!"

"Nifunikie mimi? Jana nimekupa vitumbua viwili bure!"

"Na wewe jana umenimalizia kashata!"

Ndivyo tulivyoishi, kwa kelele na kwa kuonjana.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu. Tulihama Kilwa mume wangu alipopata kazi gatini, tukapanga chumba kimoja katika nyumba ya Kiswahili yenye vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mzaliwa wa mjini, mnene, mcheshi, akicheka uani wapita njia barabarani wanacheka naye bila kujua sababu. Sote tulimwita mama.

Sasa nieleze nilivyokuwa nikipika, maana ndiko nilikoingilia matatani. Kule kwetu bibi yangu alinifundisha kuumua unga kwa tembo la mnazi. Si la kunywa. Ni kikombe kimoja kidogo, unakitia kwenye unga wa mchele na tui, unafunika, asubuhi unga umepanda mpaka mdomoni mwa chungu. Likipigwa na moto, ulevi wote umekwenda zake. Wanawake wengi wa pwani walifanya hivyo, wengine wakasema, wengine wakanyamaza. Mimi tembo langu nililinunua kwa mgema wa Buguruni aliyepita na vibuyu vyake asubuhi na jioni. Na unga nikauumulia katika chungu kile kile kimoja cha udongo, nilichotoka nacho Kilwa. Chungu kile nilikisuuza maji tu, sikukisugua, kwa sababu bibi yangu hakuwa akikisugua cha kwake. Kwa nini, sikumuuliza.

Vitumbua vikavuma. Ila palikuwa na jambo moja lililoninyima raha, nalo lilikuwa hili. Mtaani kwetu, kila shughuli, iwe harusi, arobaini au maulidi, mwenye shughuli alipita nyumba kwa nyumba kuwagawia wanawake kazi. Huyu pilau, huyu maandazi, huyu kachumbari, wale kukuna nazi. Ukigawiwa chakula, ukakipika wewe, kikaliwa na watu wakaridhika, basi umekuwa mtu wa mtaa. Usipogawiwa, wewe ni mpangaji. Utaalikwa, utakula, utashiba, lakini siku shughuli ikiwa yako hutapata hata wa kukushikia mwiko. Hakuna aliyekutangazia hayo. Uliyaona tu.

Miaka miwili nilialikwa, nikala, nikashiba. Na mwaka huo nilikuwa na mimba ya kwanza, ya miezi mitano. Mama yangu yuko Kilwa, miguu yake haimruhusu safari. Nani atanipikia arobaini ya mtoto? Nilijiuliza hivyo kila nikikaa.

Basi Jumamosi moja mchana, niko uani nachagua mchele, mama mwenye nyumba akaita toka ukumbini:

"Wewe mtoto wa Kilwa!"

"Labeka, mama."

"Ijumaa ijayo baada ya alasiri nasoma maulidi hapa nyumbani. Nina nadhiri yangu, dada yangu katoka hospitali salama. Pilau nimewapa wanaume. Maandazi anapika bibi wa langoni. Vitumbua nimekupa wewe."

"Mimi?"

"Kwani humu ndani kuna mtoto wa Kilwa mwingine?"

Nilisimama ungo ukanitoka mkononi, mchele ukamwagika uani kote, kuku wakafurahi. Mama akacheka mpaka akashika nguzo. "Okota, okota! Usije ukanipikia vitumbua vya mchanga!"

Sasa huyo bibi wa langoni nimweleze. Alikuwa akiuza maandazi penye lango la soko tangu mimi sijazaliwa. Mwembamba, mrefu, kanga yake haikosi unga, ulimi wake haukosi wa kumchoma. Kabla yangu, maandazi na vitumbua vya shughuli zote za mtaani vilikuwa vyake. Kwa hiyo mama mwenye nyumba, kwa kunipa mimi vitumbua, alikuwa amekata kazi ya bibi nusu kwa nusu. Nililijua hilo. Bibi naye alilijua, na Jumatatu asubuhi soko zima likajua.

"Shikamoo, bibi," nilimwambia nikipita na jiko kichwani.

"Marahaba, mpishi wa tembo!" Akageukia wenzake, sauti juu: "Jamani, Ijumaa masheikh waambiwe waje na bakora. Kuingia wataingia wenyewe, kutoka watatoka wameshikana mikono!"

Wakaangua kicheko. Muuza samaki akaweka kisu chini ili acheke vizuri. Hata mimi nilicheka, maana mzaha wenyewe ulikuwa mtamu, lakini masikio yalinichemka.

"Bibi, ya sokoni ni ya sokoni," nikamwambia. "Ya maulidi, wallahi, halitaingia hata tone. Mbele ya hawa wote naapa."

"Utaumulia nini basi? Mate?"

"Nitaumulia hamira."

"Hamira unaijua?"

"Naijua."

Sikuijua. Nilikuwa nikiiona tu dukani.

Nikaenda kwa mke wa mwenye duka, yule ambaye baraza lao ndilo nililokalia. Alikuwa Mhindu, mwanamke wa umri wangu, kila asubuhi akichora maua ya unga mweupe kizingitini kabla wateja hawajayakanyaga, na vitumbua vyangu akivipenda kwa sababu aliniona kwa macho yake nikivikaanga kwa mafuta ya nazi, si ya ng'ombe.

"Nipe hamira," nikamwambia.

"Ya watu wangapi, dada?"

"Mtaa mzima. Nipe kijiko kidogo."

Akanitazama. "Mtaa mzima, kijiko kidogo? Hiyo ni ya nyumba moja."

"Wewe nipe. Kupika najua mimi."

Akanifungia kwenye karatasi, akatikisa kichwa. Mimi kwa tembo nilizoea kikombe kimoja kidogo, nikadhani hamira, kwa kuwa ni kavu na kali, kijiko kitatosha. Hesabu nyingine sikuwa nayo.

Alhamisi ikafika. Asubuhi nikauza nikamaliza, nikanunua nazi, nikanunua iliki nzuri ya kijani, nikarudi nyumbani mbio. Mchele nimekwisha kuuloweka. Nikaukausha, nikautwanga, nikauchekecha mara tatu. Halafu nikakitazama chungu changu. Kile kilikuwa na tembo la miaka yote. Kilikuwa kinanuka tembo mpaka kwenye ngozi yake. Nitawapikiaje watu maulidi ndani ya chungu hiki? Nikaanza kukisugua. Nikakisugua kwa mchanga, nikakisugua kwa majivu, nikakikamulia ndimu tatu, nikakimwagia maji ya moto, nikakianika juani mpaka kikawa cheupe. Kisha nikawasha chetezo, nikatia udi na ubani, nikakifunika chungu juu yake, moshi ukakiingia kila tundu. Kilipopoa nikatia kichwa ndani nikanusa. Kilinukia kama bibi harusi. Nilifurahi! Nikachanganya unga, tui, sukari, iliki na hamira yangu, nikafunika kwa kawa, nikalala usingizi wa mtu aliyetimiza wajibu.

Alfajiri ya Ijumaa nikafunua. Unga umelala.

Nikaufunika, nikasema bismillahi, nikafunua tena, kama vile mara ya kwanza sikuangalia vizuri. Umelala vile vile, umetulia kama maji ya kufulia. Nikakitoa chungu uani kipate jua. Nikasubiri. Saa moja. Saa mbili. Vikatokea viputo vitatu, nikavihesabu, navyo vikapasuka. Kitumbua hakipikiki kwa unga wa namna ile. Kitatoka kigumu, ukimrushia mtu anaumia.

Na hapo hapo, kwenye uchochoro wa nyuma, nikasikia sauti ya mgema.

"Dada wa Kilwa! Leo huchukui? La asubuhi hii, bado linatoa povu!"

Nikafungua mlango wa uani. Amesimama na vibuyu vyake, povu jeupe linachungulia kwenye makuti aliyozibia. Alasiri bado mbali. Kikombe kimoja, viwili, nikaweka juani, saa sita unga umeamka. Wenzangu wote wako mbele wanafagia na kutandika. Nani ataona? Mkono wangu ulikuwa umekwisha kukishika kibuyu, nauona mpaka sasa, na ubaridi wake viganjani naukumbuka.

Lakini nilikuwa nimeapa. Na maulidi yatasomwa, na dua itaombwa, na chakula changu kitakuwa pale katikati ya watu wanaomshukuru Mungu kwa ndugu yao kupona. Bibi ningeweza kumdanganya. Wengine wote pia ningeweza.

"Leo pitisha tu, kaka," nikamwambia. Nikafunga mlango.

Kisha nikaenda kwa mama mwenye nyumba nikamwambia: unga umekataa.

Akaweka ufagio chini. "Umekataa vipi?"

"Haukuumuka, mama. Nimefanya kila kitu."

Akaja akatazama. Halafu akapanua kifua akaita kupitia ukuta: "Bibi weee! Wa langoni! Njoo mara moja!"

"Mama, hapana! Mwite yeyote, si yeye!"

"Unga wa mchele mjini hapa anaujua nani kuliko yeye? Wewe unataka aibu ndogo ya sasa au kubwa ya alasiri?"

Bibi akaja, mikono ina unga mpaka viwikoni, maana maandazi yake alikuwa ameyakanda tayari nyumba ya pili. Akachovya kidole, akaonja. Akainama akanusa chungu. Akanusa tena. Akanyanyua uso.

"Chungu umekifanya nini?"

"Nimekisafisha, bibi."

"Kwa kitu gani?"

"Mchanga. Majivu. Ndimu."

"Na?"

"Ndimu tatu."

"Na?"

"Udi," nikasema. "Na ubani kidogo."

Bibi alikaa juu ya kinu. Nilidhani amezidiwa. Kumbe anacheka, anacheka bila sauti, mabega yanaruka, machozi yanamtoka, kanga ameiweka mdomoni. Mama mwenye nyumba akauliza kuna nini, naye bibi akawa hawezi kumjibu, anaonyesha chungu kwa kidole tu.

"Kakifukiza!" akasema mwishowe. "Kakifukiza udi! Mwanangu, wewe ulidhani ni tembo peke yake linalokuumulia? Ni chungu! Mle ndani kila siku kunabaki uchachu wa jana, ndio unaoamsha unga wa leo. Tembo lilikuwa linausaidia tu. Wewe umeusugua, umeuchoma kwa ndimu, halafu umeufukiza kama unatoa shetani! Na hamira umetia kijiko, kama ya uji wa mgonjwa!"

Nami nilianza kucheka, na nikaanza kulia, vyote pamoja. Nikasema, "Basi bibi, vipike wewe. Vitumbua ni vyako tangu zamani."

Akaacha kucheka. Akanitazama, akalitazama tumbo langu, akanitazama tena.

"Mgema kapita asubuhi?" akauliza.

"Kapita."

"Ukamfanya nini?"

"Nilimwambia apitishe."

Akapangusa mikono kwenye kanga. "Simama," akasema. "Vitumbua leo havipo, usivilazimishe. Unga huu tutapikia mkate wa kumimina, mayai ndiyo yataunyanyua. Nenda kalete mayai."

"Mayai mangapi?"

"Yote."

Ah, nyie! Ile asubuhi! Wanawake wa nyumba nzima tuliacha mafagio tukatawanyika. Mmoja alikimbilia Mchikichini, mwingine akaenda kufungua mabanda ya kuku wa majirani bila hata kubisha hodi, anapiga kelele, "Naazima mayai, nitarudisha!" Mimi nikashika njia ya sokoni, tumbo mbele, kanga inafunguka, nyuma mama mwenye nyumba anapaza sauti, "Taratibu, mwenye tumbo! Tunataka mayai, hatutaki mtoto!"

Kwanza nikaingia kwa mke wa mwenye duka, kwa sababu ndiye wa karibu, na kwa sababu akili ilikuwa imenitoka. "Mayai! Una mayai?"

Alirudi nyuma hatua mbili, mkono kifuani. "Mayai? Humu dukani? Dada yangu, baba mkwe wangu akilisikia hilo neno humu ndani leo hatakula!" Kisha akaona uso wangu. "Hamira imekataa?"

"Imekataa."

"Nilikwambia." Lakini hakulisema kwa ubaya. Akachota iliki konzi nzima akanitilia kwenye pindo la kanga. "Hii ni yangu, ya kwenye maulidi. Mayai nenda kwa wenye kuku, na huku usirudi nayo!"

Nikaenda kwa wenye kuku. Walikuwa wakitoka Kisarawe na matenga yao, kuku wamefungwa miguu, mayai yamelazwa ndani ya makapi ya mpunga. Muuzaji akaniuliza, "Unataka mangapi?"

"Tenga zima."

"Tenga zima? Unataka kuyaatamia?"

Watu wakacheka, na kwa kuwa sokoni hakuna siri inayokaa, mama wa mihogo akadakia kutoka upande wa pili, "Ndiye yule wa maulidi! Unga umemgomea!" Basi habari ikatembea mbele yangu. Nilipopita, wananiongezea. Huyu mawili, huyu matatu, muuza pweza akatoa moja alilojiwekea ale mchana. "Chukua, dada, unanidai pesa za vitumbua!" Nikamwambia sikudai, ni wewe unayenidai pweza wako. Akasema basi tumeshafutiana. Nikarudi nyumbani nikitembea kama nimebeba mtoto mchanga, yai hata moja halikupasuka.

Bibi alikuwa ameshatayarisha. Ndoo ya maji ipo: yai likizama linapikwa, likielea linatupwa. Akapasua, akatenga, akafunga chelewa safi, vile vijiti vya ukuti, kama ufagio mdogo, akaanza kuyachapa mayai kwenye bakuli. Mkono ule mwembamba ulikuwa hauonekani kwa kasi. Ute ukageuka povu, povu likawa jeupe, likasimama lenyewe.

"Wewe mimina," akaniambia.

"Mimina wewe, bibi."

"Nani kapewa kazi hii?"

Nikamimina unga wangu kidogo kidogo kwenye lile povu, nikikoroga kwa mwiko upande mmoja tu kama alivyoniagiza. Sinia kubwa zikaazimwa, zikapakwa samli, zikawekwa juu ya makaa. Juu tukafunika bati, na juu ya bati makaa mengine. Moto juu, moto chini.

"Usifunue," bibi akasema.

Nikasubiri. "Nifunue?"

"Ukifunua nakupiga."

Mkate wa kwanza uliungua juu. Weusi kabisa. Bibi akaukwangua, akaukata, tukaula pale pale tukiwa tumechuchumaa, mimi, yeye na mama mwenye nyumba, midomo inatuungua. Chini ya ule weusi ulikuwa laini, una matundu matundu, tui limekolea, iliki ya Mhindi inapanda puani. Nimekula vingi Kariakoo, nimekwambieni, lakini mkate ule ulioungua nitakufa nao ulimini. Tukapunguza makaa ya juu. Wa pili ukatoka rangi ya dhahabu. Wa tatu. Wa nne. Tulifika saa tisa tukiwa na mikate imepangwa ukumbini kama matoleo ya mfalme, na sisi watatu tumejaa masizi mpaka kope.

Alasiri nyumba ikafurika. Mikeka mpaka barabarani, wanaume nje chini ya turubai, wanawake ukumbini na uani. Kanga mpya zinachacharika, marashi yananyunyizwa, udi unapanda mahali pake halali. Maulidi yakasomwa, matari yakapigwa, ikafika pa kusimama tukasimama, sauti za watu zikawa moja nikasikia kifua kinanijaa. Dada wa mama mwenye nyumba, yule aliyetoka hospitali, alikaa kwenye kiti katikati, mwembamba, amevaa nyeupe, analia na kutabasamu.

Kisha vyakula vikatoka. Pilau. Maandazi ya bibi. Mkate wangu. Nikaanza kusikia minong'ono nyuma yangu.

"Mbona vitumbua sivioni?"

"Si alipewa yule wa Kilwa?"

"Kumbe kupika kwenyewe ni kule kwa tembo tu."

Nilikuwa nimeshika sinia, sikuweza kuiweka wala kusonga nayo. Bibi wa langoni akapita mbele yangu, akakata kipande, akampelekea yule mgonjwa aliyepona. Akakipokea. Akala polepole, watu wanamtazama. Akamaliza. Akanyoosha mkono.

"Kingine."

Mama mwenye nyumba akapiga kofi. "Dada yangu tangu atoke hospitali hajaomba kingine!"

"Kapika nani huu?" akauliza yule dada.

Nikafungua mdomo niseme ni bibi. Bibi akanitangulia. "Huyu hapa. Mimi nilishika bati tu."

"Muongo!" nikasema. "Mayai kayachapa yeye, na unga wenyewe ulikuwa..."

"Nyamaza, mtoto wewe! Ukisifiwa unanyamaza!"

Kicheko kikalipuka ukumbi mzima, na mikono ikaja juu ya sinia kutoka kila upande, hata makombo sikuyaona. Yule aliyenong'ona habari za tembo alichukua vipande viwili, kimoja akakifunga kwenye pindo la kanga, nikamwona, naye akaniona kuwa nimemwona.

Siku zilizofuata nilikilea chungu upya. Bibi alinipa uchachu wa kwake kwenye kikombe, nikautia, nikawa kila siku nabakiza kidogo cha jana kwa ajili ya kesho. Tembo sikurudi tena kulinunua. Na mezani, kando ya vitumbua, nikaweka mkate wa kumimina wa vipande, wateja wakawa wananiuliza kabla sijawasha jiko.

Nikajifungua mtoto wa kike. Siku ya thelathini na tisa, arobaini ni kesho, niko kitandani, nawaza nimtume mume wangu kwa nani na kwa nani, nikasikia uani sauti nyingi. Vinu vinaburutwa. Mbuzi za kukunia nazi zinawekwa chini. Na juu ya zote, sauti ya bibi wa langoni, inagawa:

"Wewe pilau. Wewe na wewe nazi. Maandazi mimi. Mkate wa kumimina nani anauweza?"

"Mimi!" wakajibu watatu kwa pamoja, na ugomvi ukaanza, huyu anasema mwaka jana uliuunguza, huyu anasema mayai utayatoa wapi.

Nilijiinua kwa kiwiko, mtoto kifuani, nikapiga kelele kupitia dirishani: "Makaa ya juu yawe machache! Mnasikia? Na msifunue!"

"Lala huko, mzazi!" bibi akanijibu. "Kwani sisi tumeanza kupika leo?"